Irimu Alikuja Kuuliza Bibi Yangu

Hiyo Jumamosi nilipanga viti kwa nyumba, nikapangua, nikapanga tena. Lynn akaniambia, "Guka, hebu kaa chini. Unanizungusha kichwa." Nikakaa. Halafu nikaona pazia imekunjika upande moja, nikaamka tena.

Wageni walikuwa wanakuja. Si wengi, watu wawili tu: kijana anaitwa Calvince Opiyo na baba yake mdogo, Okello. Walikuwa wanatoka Ruiru, wanakuja hapa kwetu Kalimoni kujua boma na kusema ile kitu imewaleta. Na ile kitu imewaleta ni Lynn.

Sasa wacha nieleze Lynn ni nani, ndio usinione kama mzee wa roho mbaya. Lynn ni mtoto wa msichana wangu, na msichana wangu aliaga kabla Lynn ajue kutembea. Mimi guka yake, yaani babu, na marehemu bibi yangu Nyambura ndio tulimlea. Na sisi Wakikuyu, mtoto akipewa jina ya mtu, anakuwa huyo mtu. Yeye ni Lynn Nyambura, alipewa jina ya bibi yangu, kwa hivyo tangu akiwa mdogo mimi namuita bibi yangu. "Bibi yangu, leta chai." "Bibi yangu, leo umenipikia nini?" Na yeye ananijibu, "Bwanangu, leo utakula ya jana." Watu wa huku hawashangai. Hata kwa duka wanamuuliza, "Bwanako anaendelea aje na magoti?"

Nyambura alipoenda, ile jina ilibaki ikitembea kwa nyumba. Inaimba jikoni, inanigombanisha juu ya viatu za matope. Basi mtu akikuja kuuliza Lynn, anakuja kuuliza bibi yangu. Tunacheka, ndio. Lakini si yote ni kicheko.

Na siku kama hiyo kuna kazi moja ni yangu peke yangu. Wageni wanaleta kinywaji. Zamani ilikuwa pombe ya muratina, siku hizi kwa sababu ya kanisa ni soda. Hiyo kinywaji haifunguliwi mpaka mzee wa boma amuulize msichana mbele ya watu, "Tukunywe?" Akisema kunyweni, amekubali, na anaenda. Akinyamaza, wageni wanabeba vitu zao wanarudi. Mimi hiyo neno nilikuwa nayo kwa koo wiki mzima. Haishuki, haipandi.

Lynn alisomea Thika, kwa chuo, kazi ya kupaka watu wa sinema. Si kupaka bibi harusi, hapana. Anatengeneza vidonda, maiti, macho yametoka nje. Siku moja nilifungua friji nikitafuta maziwa nikapata mkono. Haiya! Nilifunga friji polepole, kama mtu amebisha kwa nyumba si yake.

Jioni tunaangalia sinema na yeye, hizo za wazungu. Kuna ile ya mtu akiona mwezi umejaa anaanza kulia, anaota nywele, anakuwa mbwa mwitu. Mimi nilimwambia huyo si irimu, ile zimwi ya hadithi zetu, huyo ni mgonjwa. Anasumbuliwa na mwezi, asubuhi anaamka bila nguo akiuliza watu, "Jana nilifanya nini?" Huyo unamwonea huruma. Irimu yetu haigeuki. Irimu inakuja mchana, imeoga, imejipaka mafuta, ni kijana mzuri kuliko wote kwa densi. Anasalimia wazee vizuri. Msichana anamfuata kwa miguu yake mwenyewe, akicheka. Kitu moja tu: huku nyuma ya kichwa, chini ya nywele, iko na mdomo ya pili, na hiyo mdomo inakula nzi. Ndio maana irimu hakupatii mgongo. Anataka wewe ndio utangulie. Akikaa, anaegemea ukuta.

Hiyo hadithi Lynn alinisumbua nayo tangu utoto. Nikimaliza, "Guka, tena." Nikisinzia, ananishika masikio.

Sasa hiyo wiki yeye na wenzake walikuwa wanapiga picha ya sinema yao huko Chania, pale maji inaanguka. Nilimuuliza ni sinema gani. Akasema, "Utaiona, Guka. Wewe ngoja." Sikuuliza tena. Nilikuwa na mambo yangu.

Turudi kwa Jumamosi. Nikiwa nazunguka nyumba, nikamkuta Lynn nyuma ya jikoni na simu. Anasema kwa sauti ya chini, "Imekataa? Hata na mafuta ya taa? Sasa utakuja aje, Calvo?" Nikamuuliza ni nini imekataa. Akasema, "Hakuna kitu, Guka." Mwanamke akisema hakuna kitu na amefunga macho, kuna kitu.

Dada yangu Idah alikuwa amefika asubuhi kusaidia kupika. Idah ni mkubwa wa kina mama kanisani, na anaomba kama mtu anafukuza ng'ombe kwa shamba ya mahindi. Alikuwa anaponda mukimo na ananiponda na mimi. "Zacharia, umeomba juu ya hawa watu? Unajua walikotoka?"

"Wametoka Ruiru, Idah."

"Ruiru si kabila."

Wakafika jua ikiwa kali, kuku zimelala chini ya gari ya jirani. Okello ni mtu mkubwa, mcheshi, amebeba kreti ya soda kwa bega kama ni mtoto. Nyuma yake Calvince. Mrefu, sura nzuri, meno safi. Nikasema kwa roho, huyu ni mzuri mpaka inatisha. Amevaa suti ya kijivu. Na ndani ya suti amevaa hudi, hiyo sweta nyeusi iko na kofia imeshonwa nayo, na hiyo kofia ameivuta mpaka kwa nyusi. Na jua ile!

"Habari ya mzee," akanisalimia, na mikono mbili.

"Nzuri sana. Ingieni, ingieni, mko nyumbani."

Okello akaingia. Calvince akasimama kando ya mlango. "Tangulia, mzee."

"Mgeni ndiye anatangulia."

"Siwezi kupita mbele yako, mzee. Heshima."

"Heshima ni kufanya ile mzee amesema. Pita."

"Baada yako, mzee."

Tukasimama hapo kama mbuzi mbili kwa daraja. Lynn akapiga kelele kutoka ndani, "Guka, si uingie tu!" Nikaingia. Nikageuka haraka nimwone akiingia, nikakuta ameshaingia, anateleza na ukuta, mgongo imegusa simiti. Na kwa viti zote nzuri nilizopanga, akachagua ile ya mbao iko kwa kona, akaisukuma mpaka kichwa yake ikagusa ukuta.

Nikajiambia, Zacharia, wewe ni mkristo na umri umeenda. Wacha ujinga.

Halafu nikaona nzi.

Moja ilikuja ikazunguka Okello, ikamwacha. Ikapita juu ya mukimo ya Idah, ikaidharau. Nzi kudharau chakula! Ikaenda moja kwa moja kwa Calvince, ikaingia ndani ya hiyo kofia kwa upande wa nyuma. Nikangoja itoke. Haikutoka. Ya pili ikakuja, ikaingia hapo hapo. Kimya. Nayo Calvince anatabasamu, anamwambia Idah chakula inanukia vizuri.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama. Okello akauliza, "Mzee, ni mgongo?"

"Ni kiti," nikasema. "Kijana, hebu kuja nikuonyeshe ng'ombe."

Nilitaka atembee mbele yangu hata mara moja. Hapana. Alitoka na upande kama kaa, halafu uwanja wote akatembea kinyumenyume, ananiangalia usoni, ananiongelesha kwa adabu, mpaka akakanyaga mavi ya ng'ombe na hizo viatu zake za kung'aa.

"Pole," nikasema. "Unafanya kazi gani?"

"Niko kwa kampuni ya viatu hapo Thika, mzee. Upande wa gundi."

"Na nyama unakula?"

"Sana, mzee."

"Nyama gani?"

"Yoyote."

"Yoyote?"

"Mimi sichagui, mzee. Ile nimepewa."

Ng'ombe yangu ikamwangalia. Ikarudi nyuma kidogo. Nimekaa na hiyo ng'ombe miaka mingi na haijawahi kurudi nyuma juu ya mgeni. Nikasema, basi, turudi ndani. Na nikarudi nikiwa mbele, na mgongo yangu yote ikiwasha kama nimeangukia majani ya thabai.

Chakula ilikuwa imewekwa. Kreti ya soda iko katikati ya nyumba, na watu wote wanaiangalia bila kuiangalia. Idah akasimama na Biblia. "Tuombe. Wanaume, kofia."

Mimi nikatoa yangu. Okello akatoa yake. Calvince akashika goti zake.

"Kijana, kofia."

"Cucu, ako na homa," Lynn akamwambia Idah haraka.

"Hata homa inaombewa. Toa."

"Mama," Okello akajaribu, "huyu kijana, unajua, upepo ya Ruiru..."

"Mimi siombei kofia. Na bila maombi hapa hakuna kufungua chupa."

Calvince akaangalia Lynn. Lynn akaangalia dirisha. Basi kijana akainua mkono, akashusha hiyo kofia, na mimi nikashika kiti. Hakuna kitu. Ni kichwa tu, nywele nyingi nzuri imechanwa, masikio mbili. Nikatoa pumzi. Nikaona aibu kidogo, hata.

Idah akafunga macho, akaanza. Na wewe ungemjua Idah ungejua haombi akiwa mahali moja. Anazunguka nyumba, anawekelea watu mikono. Aliniombea mimi na magoti. Akaombea Okello safari. Akafika kwa kona, kwa mgonjwa wa homa. "Na huyu mtoto, Baba, hii homa itoke kutoka utosi," mkono uko juu ya kichwa, "itoke kwa paji," mkono kwa paji, "itoke kwa kisogo," na akapitisha mkono huko nyuma, kati ya kichwa na ukuta.

Vidole zake zikaingia mahali.

Idah akanyamaza. Sijawahi kuona Idah amenyamaza katikati ya maombi. Akafungua jicho moja.

"Kuna meno," akasema.

Halafu akapiga nduru ile ilisikika mpaka barabarani. Akaruka, akapanda juu ya kochi na viatu, akikunguta mkono. "Ngai! Ngai! Imeniuma! Zacharia, huyu mtu ako na mdomo!"

"Haijauma mtu, mama," Calvince akasema, amesimama, mikono juu kama amekamatwa. "Haiwezi kuuma!"

Na kwa kusimama akageuka. Nikaiona.

Ilikuwa pale pale nilikuwa nimeiweka kwa hadithi. Chini ya nywele, imelala na upande, midomo nyekundu imevimba. Meno ni kama maharagwe, zile nyeupe kubwa. Ulimi ni kama ngozi. Na damu inateremka kwa shingo, na kwa hiyo damu nzi mbili zimekwama, moja bado inapiga mguu. Miaka yote nimesema hiyo kitu na mdomo yangu, na sasa hiyo kitu iko kwa nyumba yangu, imevaa suti.

"Guka." Lynn alikuwa amenishika mkono. "Guka, ni yangu. Ni mimi nimeitengeneza."

"Wewe?"

"Ni ya sinema. Ni ile yako. Calvo ndiye irimu. Tulipiga jana huko Chania, na gundi yangu ya kazi ikaisha, na yeye akasema ako na gundi."

"Gundi gani?"

Calvince akaangalia chini. "Ya soli, mzee."

Okello akashika kichwa. "Yawa! Gundi ya soli! Mimi niko na viatu soli imebaki na kiatu imeisha!"

Wakasema yote. Walijaribu maji moto, mafuta ya kupika, mafuta ya taa, Calvince akalala na tumbo usiku mzima. Na damu? Damu ni sukari na rangi ya keki. Ndio nzi zilikuwa zinakuja harusi kabla ya watu.

"Basi leta mkasi," nikasema. "Tunyoe hiyo kichwa mara moja, iishe."

Okello akasimama, na kicheko ikatoka kwa uso wake. "Hapana, mzee wangu. Hiyo usifanye. Kwetu watu wananyoa kichwa kukiwa na matanga. Nimrudishe kwa mama yake ametoka kuuliza bibi na amenyolewa? Atauliza ni nani amekufa. Hata mimi nitajiuliza."

"Basi watoke nayo!" Idah bado ako juu ya kochi. "Si nilikuuliza, Zacharia? Si nilikuuliza wanatoka wapi?"

"Mama, pole, lakini hii ni ya kwenu," Okello akamwambia. "Sisi kwetu tuko na jajuok tu. Anakimbia usiku bila nguo, anarusha mawe kwa bati, asubuhi tunamsalimia kama kawaida. Hii ya mdomo mbili tumeipata huku Kiambu."

Idah hakucheka. Akashuka polepole, akakuja karibu na mimi, akaniambia kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu mzima. "Waambie warudi siku ingine. Hakuna mtu atakulaumu."

Siku ingine. Hiyo neno ilikuwa tamu, sikudanganyi. Niliisikia ikishuka kwa roho kama uji. Ni ukweli, nani angenilaumu? Mtu amekuja kuuliza msichana akiwa na meno kwa kisogo. Warudi mwezi ujao. Mwezi ujao ni mvua. Baada ya mvua ni Krismasi, na Krismasi hakuna mtu ako na nafasi. Na kwa hizo siku zote mimi nitaendelea kuita, "Bibi yangu, leta chai," na chai itakuja.

Nikaenda kwa dirisha. Nikarudi kwa meza. Nikaenda kwa mlango, nikashika kitasa, nikaiacha. Wote wananifuata na macho. Okello tayari alikuwa ameinama kushika kreti, mtu mwenye adabu anajua wakati wa kubeba vitu zake. Calvince akasema, "Mzee, ukisema turudi, tutarudi. Halafu nitakuja tena." Hakusema na hasira. Alisema kama mtu anaeleza zamu ya kazi.

Nikafungua mdomo niseme siku ingine.

"Guka," Lynn akasema. "Yule msichana wa hadithi. Alikosea wapi?"

"Si wakati wa hadithi, bibi yangu."

"Alikosea wapi?"

Nikamwambia ile nimemwambia maisha yake yote. "Hakuangalia nyuma ya kichwa."

"Mimi nimeangalia." Alikuwa analia kidogo na amekasirika kidogo, vile Nyambura alikuwa anafanya, zote mara moja. "Jana nimekaa nyuma ya hii kichwa kutwa mzima na brashi. Iko na alama hapa alianguka kwa baiskeli. Nywele inazunguka hapa mara mbili. Hapa akiguswa anacheka. Hakuna kitu huko nyuma sijui, Guka, na mdomo nimeweka mimi mwenyewe. Sasa niulize. Kazi ni yako, mimi siwezi jiuliza."

Okello akaacha kreti. Polepole, chupa zisilie.

Nilimwangalia yule mtoto. Nikatafuta hiyo neno, na hata ilikuwa hapo hapo kwa koo, mahali ilikuwa imekaa wiki mzima. Nilikohoa kwanza. Nikashika meza.

"Bibi yangu," nikasema. "Hawa watu wameleta kinywaji. Tukunywe?"

Akapangusa pua na mkono. "Kunyweni, Guka. Na wewe uanze."

Okello akapiga makofi mara moja, kubwa, akaweka mkono kwa mdomo. Idah akasema hawezi kumaliza maombi na hiyo kitu inamwangalia. Kwa hivyo Calvince akaegemea ukuta tena, na Idah akamaliza maombi akiwa mbali, macho wazi, haraka haraka, mpaka Amina. Ndio Okello akachukua kifungulio. "Mzee wa boma kwanza. Na ile ya nyuma tuiwekee Fanta ama Stoney?"

"Iwekee maji," Idah akasema. "Imekula nzi za kutosha."

Hapo watu wakacheka, hata Calvince, na alipocheka kichwa ikagonga ukuta na haragwe moja ya meno ikaanguka chini, ikabingirika mpaka kwa mguu ya meza.

Okello akanipatia chupa. Ilikuwa moto, ilikuwa imepigwa na jua njia yote kutoka Ruiru. Nyumba ikangoja, kwa sababu hakuna mtu anaruhusiwa kugusa yake kabla yangu. Nikakunywa kidogo. Nikapumzika. Lynn alikuwa ameshika yake, haijafunguliwa, ananiangalia kwa mkono aone kama nitaiweka chini nusu, kama mtu amekubali nusu.

Nikakunywa mpaka ikaisha.